Ukiumia Kazini: Fidia ya Kibarua na Afya ya Mkulima

Ndugu mkulima wa Kibondo, nawe ndugu mkulima wa Kasulu, leo hatutazungumza juu ya nafasi za kupandia mahindi wala palizi ya maharage. Tutazungumza juu ya mwili wako. Jembe likivunjika mpini utachonga mwingine, lakini mkono ukikatika hakuna fundi wa kuchonga mkono. Basi tuone ni hatari gani zinazompata mtu kazini, na nini anachostahili kulipwa yule aliyeumia akiwa katika kazi ya mwajiri.

Huenda utasema: mimi nina shamba langu, mambo ya fidia ni ya watu wa viwandani. Ngoja kwanza. Waulize wazee wa Heru Juu, wa Makere au wa Mabamba, watakueleza juu ya manamba. Wakati wa utawala wa Waingereza, watu wa Buha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa manamba. Akapakiwa lori, akapanda treni ya Reli ya Kati, na nyumbani wasimwone tena mpaka mkataba wake umalizike. Wengine hawakurudi kabisa, na mpaka leo wajukuu wao wako huko huko Muheza na Korogwe.

Kazi ya mkonge haikuwa ya mchezo. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mkali, unaweza kumpofua mtu jicho. Maji yake yanawasha na kuchubua ngozi. Kwenye korona, yaani mtambo wa kukwangua majani ili kutoa singa, aliyeteleza kidogo aliweza kupoteza vidole au mkono mzima. Na kwenye chumba cha brashi, mahali singa zinaposafishwa, vumbi lilijaa hewani, mtu akalimeza kifuani mwake kutwa nzima, mwaka hata mwaka.

Jambo moja la siku zile nataka ulikumbuke, maana litatusaidia mbele. Kila kibarua alikuwa na kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza ngwe yake, nyapara alitia alama. Siku 30 za kazi zilitakiwa zitimie ndani ya siku 42, ndipo mshahara ulipwe. Siku isiyotiwa alama ilihesabiwa kuwa mtu hakufanya kazi, hata kama jasho lilimtoka kutwa. Kwa hiyo wazee wetu, hata wale wasiojua kusoma, walijua thamani ya alama kwenye kadi, na walikitunza kipande kama macho yao.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Manamba wamekwisha, lakini vijana wa Kibondo na Kasulu bado wanatoka kutafuta kazi. Wako waliokwenda kwenye chumvi ya Uvinza. Wako wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama. Ilipoanza kujengwa barabara ya lami ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, vijana walipata vibarua mlangoni mwao: kupasua mawe, kubeba zege, kuongoza magari. Hata kambi za wakimbizi zimeleta ajira za ulinzi, za upakiaji na za ujenzi. Mtu huyo huyo analima masika, na kiangazi yuko kwenye kibarua. Basi siku anapokuwa chini ya mwajiri, yeye ni mfanyakazi, na sheria inamtambua.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kabla yake tulikuwa na sheria ya zamani iliyotoka wakati wa ukoloni, na kusema kweli ilikuwa imekwisha nguvu. Kwa sheria ile, mtu aliyepata ulemavu wa kudumu, hata awe hawezi kazi tena maisha yake yote, fidia yake ya juu kabisa ilikuwa shilingi 108,000. Aliyekufa, familia yake ililipwa isiyozidi shilingi 83,000. Fedha hizo zilipoandikwa zilikuwa na maana. Miaka ilipopita, bei zikapanda, na kiwango kikabaki pale pale. Mjane aliyepokea fedha hizo katika miaka ya 2000 hakuweza kununua hata ng'ombe mmoja wa maana.

Sheria mpya ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Waajiri walianza kuchangia Mfuko huo mwezi Julai 2015, na mwaka uliofuata ukaanza kulipa mafao. Shika maneno haya: anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Ukiona tajiri amekukata mshahara akisema eti ni mchango wa fidia, hapo kuna udanganyifu, na Afisa Kazi anatakiwa apate habari.

Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni hili: si lazima uthibitishe kwamba mwajiri ana kosa. Wengine wanaacha kudai kwa sababu wanajiona wao wenyewe ndio wazembe. "Nilikuwa sikuangalia vizuri, nitadai nini?" Hapana. Kinachoulizwa ni kama umeumia kutokana na kazi, ukiwa kazini. Mtu aliyejiumiza kwa makusudi au kwa ukaidi mkubwa, mfano amelewa akapanda mtambo, huyo shauri lake ni gumu. Lakini kuteleza, kuchoka au kutazama pembeni kwa dakika moja ni mambo ya kibinadamu, na fidia iliwekwa kwa ajili ya binadamu.

Tuchukue mfano. Tuseme kijana wa Makere anafanya kazi kwenye mtambo wa kusaga kokoto, na mshahara wake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Jiwe limeanguka likamvunja mguu. Kwanza, gharama za matibabu zinalipwa na Mfuko. Halafu, katika muda anaolala bila kuweza kazi, analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 210,000 kwa mwezi. Malipo hayo ya muda yanaweza kuendelea hata miezi 24. Akipona lakini mguu ukabaki na kasoro, madaktari hupima ulemavu huo kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, analipwa fedha za mara moja. Ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni ya kila mwezi maisha yake yote. Na mtu akifa kutokana na kazi, Mfuko unasaidia mazishi, na mjane au mgane na watoto wanaomtegemea wanalipwa pensheni.

Hayo ni mazuri, na ndivyo sheria inavyosema. Lakini kutoka kwenye sheria mpaka mkononi kwako kuna njia ndefu, na watu wengi hupotea njiani. Hapa ndipo lile somo la kipande linaporudi. Ajali isiyoandikwa ni kama siku isiyotiwa alama.

Mtu akiumia, jambo la kwanza ni kumwambia msimamizi siku ile ile, mbele ya watu. Usingoje kesho. Wengi huona aibu, au wanaogopa kufukuzwa, wanafunga kidonda kwa kitambaa na kuendelea. Baada ya wiki mbili mguu umevimba, msimamizi anasema: "Huyu aliumia kwao kwenye mpira." Nani atambishia? Kwa hiyo, mwambie, na wenzako wawili au watatu wasikie. Majina yao na vijiji vyao uyajue, maana vibarua hutawanyika.

Ukifika zahanati au hospitali, mweleze mganga ulivyoumia: nilikuwa kazini, kwenye kazi fulani, jiwe la mtambo likaniangukia saa fulani. Usiseme "nimeanguka" tu ukanyamaza. Mganga huandika anachoambiwa, na kile alichoandika siku ya kwanza ndicho kitakachotazamwa baadaye kuliko maneno yote utakayoyatoa kwa kilio. Karatasi hizo usiziache hospitali wala kwa msimamizi. Tia ndani ya mfuko wa nailoni, weka pamoja na kadi yako ya kupigia kura. Karatasi ya mshahara, kitambulisho cha kazi, hata daftari la mahudhurio ulilopiga picha kwa simu, vyote vinathibitisha kwamba ulikuwa mfanyakazi wa pale.

Mwajiri naye anatakiwa aujulishe Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipopata habari. Asipofanya hivyo, usikae unamngoja. Wewe mwenyewe, au ndugu yako, peleka habari kwa Afisa Kazi au kwenye Mfuko. Uko mpaka wa muda: ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea. Miezi 12 unaiona mingi, lakini kwa mtu aliyelala na mguu wenye chuma huko Busunzu, mvua ya masika ikimkuta hapo na mavuno yakimpita hapo, inakwisha upesi.

Tuseme pia juu ya ile tabia ya nauli. Kibarua ameumia, tajiri anakuja na uso wa huruma, anampa shilingi 50,000 na nauli ya kurudi kwao, anasema "nenda ukapumzike mdogo wangu." Na kwa ujinga wa shida, mtu anapokea na kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Fedha ya msaada ipokee, haina ubaya. Lakini karatasi usiyosomewa na mtu unayemwamini usiitie dole. Mguu hauuzwi kwa nauli.

Mpaka hapa tumesema juu ya ajali, kitu kinachoonekana. Yako maradhi ya kazi yanayokuja polepole kama mchwa ndani ya boriti. Mchimbaji wa dhahabu anayepasua mwamba bila maji anavuta vumbi la mawe, na vumbi hilo linaweka makovu kwenye mapafu. Makovu hayaponi, na mapafu yenye makovu hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kijana anarudi Kibondo amekonda, anakohoa, majirani wanasema amerogwa au wanamnong'ona kwa maradhi mengine. Ukimpeleka kijana kama huyo hospitali, mwambie daktari kazi aliyokuwa anafanya, wapi na miaka mingapi. Sheria ya fidia inayatambua maradhi ya kazi sawa na ajali, ila daktari hawezi kubahatisha kwamba mtu alikuwa mgodini. Ni hivyo hivyo kwa wale wanaopoteza masikio kwa kelele za mitambo.

Kwetu sisi watu wa Kibondo tuna mfano wa zamani, ndio malale. Mbung'o wa misitu yetu wamewauma warina asali, wawindaji na wavuvi wa Moyowosi tangu zamani, na katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wa Kibondo na kuwaweka pamoja katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa huo. Hakuna aliyeuita ugonjwa wa kazi, lakini ulimfuata nani? Ulimfuata yule aliyeingia porini kutafuta riziki. Mpaka leo, mtu akitoka porini na homa isiyosikia dawa ya malaria, amwambie mganga kwamba alikuwa porini na aliumwa na mbung'o.

Sasa nakuja kwako wewe uliyebaki shambani, na hapa lazima tusemezane kwa uwazi. Ukiumia katika shamba lako mwenyewe, hakuna mfuko wa kukulipa fidia. Hata mkulima wa tumbaku mwenye mkataba na kampuni, mkataba ule ni wa kuuziana tumbaku. Haumfanyi kuwa mfanyakazi wa kampuni. Kampuni inakukopesha mbolea na dawa, lakini dawa hiyo ikikudhuru, hasara ni yako. Kwa hiyo kinga ndiyo fidia yako pekee.

Tuanze na tumbaku yenyewe, kabla hata ya dawa. Jani bichi la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini, ile ile iliyomo ndani ya sigara. Jani likiwa na umande au maji ya mvua, nikotini huyeyuka katika maji hayo na kupita kwenye ngozi. Mtu amechuma tangu alfajiri, nguo zimelowa zimegandamana na mwili. Saa chache baadaye kichwa kinauma, kizunguzungu, anatapika, hana nguvu hata ya kusimama. Wengi hudhani ni malaria au njaa, wanameza vidonge, kesho wanarudi kwenye umande ule ule. Ngoja umande ukauke ndipo uchume. Ikibidi kuchuma majani mabichi yakiwa na maji, vaa mikono mirefu na koti la mvua, au hata jitengenezee aproni ya nailoni. Nguo zikilowa badilisha, na ukitoka shambani oga kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wasichume tumbaku. Mwili wao ni mdogo, na sumu inayomletea baba kizunguzungu inaweza kumwangusha mtoto.

Halafu dawa za kuulia wadudu. Sisi Waswahili tumelipa neno zuri mno, dawa, na kwa sababu hiyo tunaiheshimu kama ya hospitali. Ni sumu. Tazama ukanda wa rangi ulio chini ya karatasi ya chupa: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni kali, buluu ina ukali wa chini yake, kijani ndiyo yenye ukali mdogo kuliko zote. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, maana huijui rangi yake wala kipimo chake. Usikoroge kwa mkono, tumia kijiti. Bomba linalovuja mgongoni lisiingie shambani mpaka litengenezwe, kwa sababu dawa inapita kwenye ngozi hata kama huisikii. Puliza upepo ukikupiga kisogoni, usiende kinyume chake. Chupa tupu usiweke mafuta ya kula wala maji; itoboe isitumike tena.

Dalili za kudhurika na dawa nyingi za wadudu ni mate na jasho kutoka kwa wingi, machozi, mboni za macho kuwa ndogo, kutapika, tumbo kuendesha, misuli kutetemeka, na pumzi kuwa nzito. Mtoe mgonjwa shambani, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali. Maziwa si dawa ya sumu hiyo, yasikupotezee muda. Na aliyezimia asipewe kitu chochote mdomoni.

Neno moja juu ya ghala. Vile vidonge vya kufukiza nafaka hutoa gesi inayoua mende na inayoua mtu vile vile. Visitiwe kwenye magunia yaliyomo ndani ya nyumba mnamolala, hata kwa usiku mmoja, hata kama wezi ni wengi. Gesi hiyo hupenya mpaka chumba cha pili, na waliolala hawaamki kuuliza harufu imetoka wapi.

Nimebakiza jambo ambalo huenda halitakupendeza. Msimu wa kulima ukifika, wakulima wengi wa Kasulu na Kibondo huchukua vibarua, wengine majirani, wengine kutoka upande wa pili wa mpaka. Siku hiyo wewe ndiwe tajiri. Sheria inaposema mwajiri haimtaji mwenye kiwanda peke yake. Na ile kazi ya kupuliza dawa, ambayo hutaki kuifanya mwenyewe kwa sababu unajua inaumiza kichwa, ndiyo unayompa kibarua aliyevaa shati moja, bila viatu, bila chakula tangu asubuhi. Kama ana umri chini ya miaka 18, kazi ya sumu imekatazwa kwake na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, akubali asikubali. Kama ni mtu mzima, mpe viatu vya mpira, glavu, kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na maji na sabuni ya kuogea akimaliza. Andika jina lake na siku alizofanya kazi kwenye daftari, ili yeye na wewe msije mkabishana. Mweleze dawa ni ipi, mwonyeshe rangi ya ukanda. Na akianza kutokwa mate na kutetemeka, usimlipe ujira wake ukamwambia aende kwao akalale. Mpakie kwenye baiskeli au pikipiki, mpeleke zahanati wewe mwenyewe, na ile chupa ya dawa uishike mkononi ili mganga asome jina lake.